Ng'ombe wa Malkia wa Sheba

Siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, wanawake wa fwaye ya Fizi walikuwa wakijifunza kupiga pasi kola ya shati la mwanamume. Fwaye ilikuwa nyumba ya matofali nyuma ya ofisi za serikali, ambamo wake za makarani walifundishwa mambo ya lazima kwa ustaarabu: kupiga pasi, kufuma soksi za watoto wasiojua baridi ni nini, na kupika mchuzi mweupe usio na ladha. Mwalimu wao alikuwa Madamu, mke wa Bwana Mkubwa, yule mzungu aliyetawala teritwari nzima kuanzia ziwani hadi Lulimba. Siku hiyo Madamu aliingia na kitabu kikubwa cha picha, akakiweka mezani katikati ya pasi mbili za makaa, akatangaza kwamba mwezi ujao mke wa mkubwa wa Bukavu atakuja Fizi, naye atapokewa na malkia.

"Malkia gani, Madamu?" akauliza Georgette, mke wa karani Albert.

Swali lilikuwa la haki. Ulikuwa mwaka wa 1956 na mfalme wa Wabelgiji, kijana mrefu aliyetundikwa ukutani katika kila ofisi, alikuwa hajaoa bado. Kwa hiyo Madamu alikuwa ameamua kuazima malkia kutoka kwenye historia ya dunia, ambako inaonekana walikuwa wamejaa tele.

Akafungua kitabu. Akawaonyesha Katarina wa Urusi, aliyempindua mumewe akatawala peke yake nchi yote ya theluji.

"Na familia ya bwana haikusema kitu?" akauliza Georgette.

"Walipiga magoti," akasema Madamu.

Wanawake wakaweka pasi chini. Madamu akafurahi kuona somo linaingia. Akawaonyesha Elizabeti wa Waingereza wa zamani, aliyekataa wachumba maisha yake yote, na hakuna aliyesema ana mashetani. Akawaonyesha mama mmoja wa China aliyekuwa kaizari mwenyewe, si mke wa kaizari. Akawaonyesha Hatshepsut wa Misri, aliyekaa kwenye kiti cha enzi na ndevu za bandia zilizofungwa kidevuni kwa kamba.

"Ile ndevu bananunuaka wapi?" akauliza Godelieve, muuza samaki kutoka Baraka, ambaye hakuwa mwanafunzi ila Madamu alipenda samaki wake. "Iko na kazi kule tribinali."

Wakacheka wote, na Madamu akacheka nao kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kumwagiza mpishi. Halafu akagawa vyeo. Georgette akapewa Katarina wa Urusi, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na koti. Godelieve akapewa Kleopatra, kwa kuwa alikaa karibu na maji. Akabaki malkia mmoja, wa Sheba, na Madamu akatazama wanafunzi wake mmoja mmoja bila kumwona. Akatazama dirishani, akamwona.

Mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye baraza ya tribinali, mahakama ya wenyeji, ng'ambo ya uwanja, mgongo umenyooka, shingo ndefu. Aliitwa Mukantwari. Alikuwa ametoka Bibokoboko, kule juu kwenye malisho, na alikuwa amekaa kwenye baraza hiyo muda mrefu kiasi kwamba mbuzi wa askari walikuwa wameshamzoea.

Shauri lake lilikuwa fupi. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, Mukarurangwa, baba yake mzee Rukunda alimpa ng'ombe, kama baba wa kule juu anavyompa binti aliyemletea mjukuu. Ng'ombe huyo, Bihogo, alizaa, na watoto wake wakazaa. Kisha Semutobo, mume wa Mukantwari, akafa kwa homa. Rugema, ndugu wa marehemu, mzee wa kanisa anayejua kwa moyo kila mstari wa Biblia unaohusu wajane, alikuja kutoa pole. Akalia sana. Alipoondoka aliondoka na Bihogo na ukoo wote wa Bihogo, eti ili mjane asisumbuke na kuchunga. Mtoto naye akachukuliwa akasenye kuni za nyumba ya Rugema. Kwa mama mtu, Rugema alisema nafasi ipo nyuma ya jiko lake.

Mukantwari hakutaka kukaa nyuma ya jiko la mtu. Alitaka ng'ombe aliopewa na baba yake, na mtoto wake, na mlango wake mwenyewe. Ndiyo maana alishuka Fizi. Na kila wiki Bonaventure, juji wa tribinali, alimwambia kwa upole arudi wiki kesho.

Madamu alivuka uwanja akiwa na kitabu kwapani. "Wewe ni Malkia wa Sheba," akamwambia.

Mukantwari alimjua huyo malkia, maana kwao walikuwa watu wa chapeli. Alikwenda kwa Sulemani na ngamia na manukato, akamwuliza maswali magumu, na mfalme akampa kila alichotaka. Hiyo sehemu ya mwisho aliikumbuka vizuri kuliko zote.

"Na ngombe yangu, Madamu?"

"Nitamwambia bwana wangu," akasema Madamu, na wakati anasema alimaanisha kweli.

Mataji yalitengenezwa na Albert, mume wa Georgette, kwa bati la makopo ya mafuta. Akayapaka rangi ya dhahabu iliyobaki kwenye kengele ya kanisa. Siku nzima alikuwa akilalamika kwamba yeye ni karani wa serikali, si fundi wa makopo, na siku nzima aliendelea kukata.

Katika mazoezi, kila malkia alitakiwa kuinua kikombe na kujifanya anakunywa kwa afya ya mgeni. Madamu alitia maji. Katarina akajifanya, Kleopatra akajifanya. Mukantwari akakiweka kikombe chini.

"Mi nitakunywa maziwa."

"Maji, maziwa, ni sawa," akasema Madamu. "Ni mchezo tu."

"Maji iko ya mchezo, Madamu. Maziwa hapana."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Bibokoboko tu angeweza kulifanya. Kwao, jambo likishanywewa maziwa mbele ya watu, limekwisha. Ndoa imefungwa, ugomvi umezikwa, mgeni amekuwa ndugu. Kujifanya unakunywa maziwa ni kitu ambacho hakuna mtu kule juu aliyewahi hata kukifikiria. Mukantwari aliona wazungu wanataka kuwafanya malkia, akaona hawajui utaratibu wake, akaamua kuwasaidia.

Siku ya mgeni ilipofika, uwanja ulifagiwa mpaka ardhi ikaumia. Mke wa mkubwa wa Bukavu aliketi chini ya turubai akiwa na glavu nyeupe. Malkia wakapita. Mukantwari alikuwa ameomba kibuyu cha maziwa kwa wachungaji waliokuja kuuza siagi. Akainua, akanywa kweli, midomo ikabaki nyeupe. Na kwa kuwa ni aibu kunywa peke yako mbele ya wenzako, akampa Georgette, Georgette akampa Godelieve. Mgeni akapiga makofi, na kwa sababu ya glavu hayakusikika. Wakapigwa picha.

Jioni mataji yalikataa kutoka.

Albert alijaribu koleo. Madamu akashauri sabuni. Sabuni ikaisha. Hakuna aliyepiga kelele. Godelieve alisema kesho ni siku ya soko na yeye hana muda wa kuvutwa kichwa, akapanda lori la pamba akarudi Baraka na taji lake.

Asubuhi theluji ilikuwa imeanguka juu ya nyumba ya Georgette. Ilianguka kwenye paa lake tu na nusu ya choo. Albert alitoka nje na shati lililopigwa pasi vizuri, akatazama juu, akasema alijua tangu mwanzo kwamba koti lile litaleta shida. Ofisi ya usafi ikamwagiza aifagie kila siku kabla ya saa mbili, kwa sababu ya mbu. Alipouliza ni mbu gani anayekaa kwenye theluji, akaambiwa ni agizo.

Kwa Godelieve, kule Baraka, alianza kuja nyoka mdogo mwenye adabu. Alifika jua likishuka, akajikunja ndani ya kikapu cha ndakala, wale dagaa wa ziwani, akangoja. Kitabu kilisema Kleopatra na nyoka wake walikuwa na miadi ya kifo. Godelieve akamweleza kwamba yeye ana watoto na madeni, miadi hiyo haiwezi. Nyoka akaelewa. Ila aliendelea kuja, na akawa anakula panya, kwa hiyo akaachwa. Halafu Godelieve akagundua kwamba samaki wake, akiwapandisha Fizi na kuwazika kwenye theluji ya Georgette, wanakaa siku kadhaa bila kunuka. Wale wawili wakaanza biashara. Huo ndio uliokuwa utawala wao, na ukweli ni kwamba waliutawala vizuri.

Utawala wa Mukantwari ulichelewa kuonekana. Siku moja alimwuliza Albert, hivihivi, nani alikula biskuti za mgeni.

"Mimi," akasema Albert. "Zote. Halafu nikamsingizia mupishi."

Akashika mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka. Ikajulikana kwamba malkia wa Sheba akikuuliza swali, unajibu kweli. Watu wa Fizi hawakushangaa sana, maana si ndivyo ilivyoandikwa, kwamba alikuwa mtu wa maswali? Walichofanya ni kuanza kupita upande mwingine wa barabara. Bwana Mkubwa mwenyewe, ambaye hakuamini mambo hayo, alibadili njia yake ya kwenda ofisini, eti kwa ajili ya kivuli.

Ila kwa juji Bonaventure hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Baraza ilikuwa moja na malkia alikuwa amekaa hapo. Asubuhi moja akaona bora amalize. Akatuma askari Bibokoboko kumwita Rugema.

Rugema alifika na koti la kanisani, Biblia mkononi. Nyuma yake, bila mchungaji, bila fimbo, walishuka ng'ombe. Bihogo alikuwa mbele, mweusi-mwekundu, tumbo kubwa. Walipita kati ya ofisi na fwaye, wakakata bustani ya maua ya Madamu katikati, wakafika mbele ya baraza, wakapiga magoti ya mbele kwenye changarawe, vichwa chini, mbele ya Mukantwari.

"Hii ngombe haina karatasi ya dokta ya nyama," akasema juji.

Kukosa cheti cha daktari wa mifugo ndilo jambo pekee aliloliona si la kawaida. Shauri likaanza. Watu walijaa. Madamu alikuja na kamera, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Georgette na Godelieve walikaa benchi la mbele na mataji yao, na aliyekaa nyuma yao alilalamika kwamba haoni.

Rugema alisimama, akaanza sala. Mukantwari akangoja ifike amina.

"Shemeji," akasema, "hii ngombe ni ya nani?"

Rugema alikuwa ameandaa maneno mazuri kutoka Kumbukumbu la Torati. Akafungua kinywa. "Ni yako," akasema.

"Nani alinipatiaka?"

"Muzee Rukunda, baba yako. Nilikuwa pale. Siku ile nilikunywa pombe sana."

"Sasa juu ya nini uliichukua?"

"Juu hakuna muntu alinikataza," akasema Rugema, na jasho likamtoka kwa jinsi ilivyokuwa kweli.

Watu wakavuta pumzi. Georgette alimshika Godelieve mkono. Mukantwari akamgeukia juji, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Fizi alijiona anatabasamu.

"Bwana Juji, umesikia. Hii ngombe ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Hakuna mashaka hata kidogo."

"Basi nipatie."

Hilo halikuwa swali. Bonaventure akapumua. "Hapana," akasema.

"Juu ya nini?"

Maskini, hilo lilikuwa swali. Bonaventure alishika meza kwa mikono miwili. "Juu nikikupatia we leo," akasema, "kesho bibi yangu atakuya hapa na mambo yake. Kesho kutwa bibi ya Albert. Bamama bote ba Fizi batapanga musitari. Tutamalizia wapi?"

Wanaume waliokuwepo wakatikisa vichwa polepole kukubali, kwa maana hayo yalikuwa maneno ya mtu mzima. Hakuna aliyebisha kwamba ng'ombe ni wa Mukantwari. Jambo hilo lilikuwa limekwisha, wote walikubaliana nalo, na halikuwa na kazi yoyote.

Mukantwari akamtafuta Madamu kwa macho. Madamu akashusha kamera.

"Madamu, ulimwambia bwana yako?"

"Hapana," akasema Madamu, na shingo yake ikawa nyekundu. "Alikuwa amechoka. Nikaona nisimsumbue na mambo ya ng'ombe."

"We unajua kuandika. Umesikia vile banasema. Utaweka jina yako kwa karatasi, kama shahidi?"

Na Madamu, aliyejua habari za Katarina na Kleopatra na yule mama wa China kwa tarehe zao, akajibu kweli. "Siwezi kuweka jina kabla mume wangu hajaniruhusu. Kwetu mke hasaini hivihivi. Baba yangu aliniachia pesa benki. Hata hizo sizigusi bila mkono wa mume wangu."

"Kwenu?" akauliza Godelieve. "Bulaya?"

"Kwetu," akasema Madamu.

Kitabu kizima cha malkia kilikuwa kimetoka huko. Georgette akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kanga yake.

"Pole sana, Madamu," akasema. "Ikala kidogo."

Madamu akaketi kati ya Urusi na Misri, kamera mapajani. Alikuwa karibu kulia na hakujua analia kwa ajili ya nani.

Mukantwari hakulia. Hasira ilikuwa imempanda, na angekuwa na swali lingine angeliuliza, lakini kila swali alilokuwa nalo lilikuwa limeshajibiwa. Juji akatoa hukumu: ng'ombe ni wa Mukantwari, na watakaa kwa Rugema. Askari watawapandisha leo.

Ng'ombe hawakuinuka. Askari waliwapiga kwa fimbo, wakawavuta mikia, wakawapigia filimbi. Walibaki wamepiga magoti wakimtazama Mukantwari. Jua likapanda. Mchana ukafika, hawajala, hawajanywa. Godelieve akaenda nyumbani kwa Georgette, akarudi na theluji kwenye sahani, akaiweka mbele ya pua ya Bihogo. Bihogo akailamba mara moja akaacha.

"Usibaambie kitu," Godelieve akamnong'oneza Mukantwari. "Bakae pale mpaka kesho. Mpaka Bukavu basikie."

Mukantwari alitaka hivyo kwa moyo wote. Alitaka wakae pale mpaka ofisi ishindwe kufungua milango. Lakini aliona magoti ya Bihogo. Ngozi ilikuwa imechubuka kwenye changarawe na damu ilikuwa inatoka, na tumboni kulikuwa na ndama wa kuzaliwa mwezi ule. Akamkumbuka baba yake anamkabidhi kamba. Akamkumbuka mtoto wake na mizigo ya kuni.

"Inuka, Bihogo," akasema.

Wakainuka wote. Na kwa kuwa hawakumfuata mtu mwingine, juji akaongeza kwenye hukumu kwamba mwenye ng'ombe awaongoze mwenyewe mpaka kwenye zizi la Rugema. Mukantwari akatangulia, taji kichwani, ng'ombe nyuma yake, na Rugema nyuma ya ng'ombe akiimba wimbo wa chapeli. Madamu alipiga picha hiyo. Ilitoka baadaye kwenye gazeti la Bukavu, na chini yake pameandikwa kwamba wanawake wa Fizi wanaipenda historia.

Fwaye iliendelea. Baada ya malkia walifundishwa kukunja leso. Theluji haijaacha kuanguka kwenye paa la Albert, na yeye haachi kuifagia. Nyoka wa Baraka amenenepa.

Huko Bibokoboko, ambako Mukantwari alibaki nyuma ya jiko ili awe karibu na mtoto wake, Rugema alikuwa na haya kidogo, maana ni mtu wa Mungu. Mlango wa jiko lake ulikuwa mfupi na taji la shemeji yake lilikwaruza nyasi za paa kila alipoingia na kutoka. Akatafuta panga, akaukata mlango juu, upana wa kiganja, ili malkia apite bila kuinama. Watu walimsifu sana kanisani kwa jambo hilo.

Kila jioni ng'ombe wakirudi malishoni wanapita kwanza nyuma ya jiko. Wanapiga magoti. Mukantwari, akiwa na mtoto wake pembeni, anawagusa paji la uso mmoja mmoja, anawaambia wainuke, nao wanakwenda zizini kukamuliwa na wanaume. Rugema anakaa mlangoni na kibuyu chake cha maziwa.

"Shemeji," anamwuliza Mukantwari kila jioni, "hii ngombe ni ya nani?"

"Ni yako, shemeji," anajibu Rugema, anainua kibuyu, anakunywa.